Vidole Arudi Shule: Kichwa Kilichoachwa Nusu

Wiki iliyopita nilikata hadithi mlango ukiwa unagongwa, na wapo mlionitukana. Salamu zenu nimezipata. Mmoja ameniandikia kwamba Vidole angeruka dirishani akimbie. Huyo hajui nyumba za kupanga. Dirisha la Vidole lina nondo, na hata lisingekuwa nazo, mama mwenye mtoto uani na mtihani kesho asubuhi anakimbilia wapi?

Kwa aliyetukuta njiani, nimsogeze haraka. Vidole ni msusi. Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena, maana mtaa mzima unamjua kwa mikono yake. Alifunga saluni yake, akauza viti na vioo, akaingia chuo cha ukunga. Si masomo ya jioni, ni ya kutwa nzima, darasani na wodini. Mume hana na urithi hana. Aliyemshika mkono ni Mfuko wa Wazazi Wanafunzi, ambao huwalipia ada wazazi wanaolea peke yao na kuwapa posho ya kula na kulala. Sharti lao kubwa ni moja: usome tu. Ukikutwa unafanya kazi ya malipo, posho inakatwa, na chuo unakiaga.

Sasa rudi tulipokuwa. Ni Jumapili alasiri. Vidole kashika chanuo, jirani yake mama wa buchani kakaa kwenye kigoda na kichwa kilichosukwa upande mmoja, na nje ya mlango sauti ya kike inasema, "Fungua, mama. Natoka Mfuko."

Mfuko haufanyi kazi Jumapili. Hilo ndilo lililomtoa Vidole kijasho kabla ya yote.

"Shoga, kitandani," alinong'ona.

"Kitandani nikafanye nini?"

"Nyuma ya pazia. Na usikohoe."

Mama wa buchani si mwanamke wa kufichika. Ni mnene, ana sauti iliyozoea kuita wateja, na upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesimama kama ufagio. Lakini aliona uso wa mwenzake, akanyanyuka bila ubishi. Pazia likafungwa. Kitanda kikalalamika kidogo, kikanyamaza.

Vidole alifagia nywele kwa mguu, akasukuma pakiti za rasta chini ya kabati, akafungua mlango.

Hakuwa yule mzee wa siku zote, anayekuja mara moja kwa muhula, akanywa maji, akauliza maendeleo ya mtoto, akaaga. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kilemba cheusi, faili kwapani. Hakutabasamu.

"Wewe ndiye wanayemwita Vidole?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani, dada."

"Yule mzee amestaafu. Mimi ndiye mkaguzi mpya."

Aliingia, na bila kungoja kuonyeshwa pa kukaa akakaa kwenye kigoda. Kigoda kilekile. Kilikuwa bado na joto la mama wa buchani, na Vidole alimwomba Mungu mkaguzi asiwe mtu wa kujali mambo ya joto.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Mtoto yuko uani anacheza."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma. Kesho nina mtihani wa vitendo, ule wa mwisho."

"Unasoma na chanuo?"

Vidole aliutazama mkono wake kana kwamba si wake. Chanuo lilikuwa bado humo. Angeweza kusema chochote, msomaji, lakini woga una haraka zake, na ulimsemea.

"Ah, hili. Nilikuwa namchana mwanangu."

"Niitie huyo mwanao."

Hapo Vidole alinaswa. Binti yake ana umri wa miaka saba, na kwa kuwa husema kuliko redio wamembandika jina la Kasuku. Shuleni kwao hawataki nywele. Ijumaa iliyopita alinyolewa kipara, na aliyemshikilia kichwa wakati kinanyolewa ni mama yake mwenyewe.

Kasuku aliingia mbio, kipara kinang'aa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama anasema alikuwa anakuchana."

Mtoto alimtazama mama yake, akalitazama chanuo, akakitazama kishungi cha nywele kilichobaki sakafuni. Hakupepesa jicho.

"Si mimi. Ni mwanasesere wangu. Mama ananifundisha kusuka."

"Yuko wapi huyo mwanasesere?"

"Nimemlaza. Ana homa."

"Na watu je? Mama husuka watu?"

"Zamani. Siku hizi mama anasoma tu."

Mkaguzi alitikisa kichwa taratibu kukubali, na ungedhani Vidole angepumua. Wapi. Aliogopa zaidi. Hakuwahi kumkalisha mtoto chini akamfundisha uongo. Mtoto aliuokota mwenyewe, kidogo kidogo, kila aliposikia mama anamwambia jirani "mzee wa Mfuko akija usimwambie hivi, mwambie vile." Na sasa alikuwa anauongea laini kama maji, mbele ya mtu mzima, bila hata kuumauma maneno. Vidole alijiuliza ni mambo gani mengine mtoto huyu anaweza kuyasema kwa uso uleule.

Mkaguzi alifungua faili lake.

"Sikuja kwa ajili ya chanuo," alisema. "Kituo cha watoto tunachomlipia kinafungwa saa tisa. Wewe wodini unatoka saa kumi na mbili. Hapo katikati mtoto anakaa wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Vidole alikuwa akiliogopa tangu siku ya kwanza aliyovaa sare. Mfuko ulikuwa umepanga kila kitu vizuri, ada, kodi, chakula, kituo cha mtoto. Ila aliyepanga hakuwahi kukaa wodini na mwanamke mwenye uchungu. Uchungu haujui saa tisa. Mwanafunzi mwenzake mmoja aliwahi kwenda kuomba aongezewe saa za malezi, akajibiwa kwamba kama hawezi kumudu, angoje mtoto akue ndipo arudi shule. Kuanzia hapo Vidole alifyata ulimi, akajitafutia njia yake.

"Kwa jirani," alijibu. "Mke wa mwenye bucha. Mtu mwema sana."

"Unamlipa?"

"Hapana."

"Basi sikiliza. Tumeletewa taarifa kwamba mtoto huyu anafungiwa kwenye stoo ya hiyo bucha, kufuli kwa nje, peke yake. Na huyo mtu wako mwema anajiendea zake kupiga soga."

Pazia likafunguka kwa nguvu, hata pete moja ikakatika ikabingirika chini ya meza.

"Nani kasema?" Mama wa buchani alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Mwiteni aje aniambie mimi usoni. Soga? Mimi na kaunta ile nina soga ya wapi?"

Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa mistari iliyonyooka, midogo, imelala vizuri kabisa. Upande wa kulia ulikuwa msitu. Chanuo dogo la mkia lilikuwa bado limechomekwa pale njia ilipoishia.

Mkaguzi hakushtuka. Alikitazama kile kichwa kwa muda mrefu, upande mmoja kisha wa pili.

"Dada, naomba nieleze," Vidole alisema.

"Mwache mwanasesere aeleze. Naona homa imepungua."

Masikini mama wa buchani. Mpaka hapo alidhani anaokoa jahazi. Alikuwa amesikia neno "unamlipa", akakusanya akili zake zote, akaamua kumsafisha rafiki yake mara moja.

"Mama, mimi sijapokea hata senti kwake, na yeye hajapokea hata senti kwangu," alisema, na sauti yake ilijaa fahari. "Mimi namwangalia mtoto, yeye ananisuka. Hatudaiani. Ulizia mtaa mzima. Mwalimu wa kituo anamkalisha mtoto siku wakichelewa kufunga, naye anasukwa. Fundi viatu amemshonea viatu vya wodini, mkewe amesukwa. Huyu Vidole hali cha mtu bure. Mwandike hivyo kwenye karatasi zako."

Mkaguzi aliandika hivyo kwenye karatasi zake.

Kwa watu wa pale mtaani, kuambiwa hudaiwi ni sifa kubwa kuliko kuambiwa una mali. Mama wa buchani alikuwa amempa mwenzake sifa hiyo kwa moyo wote, na kwa sifa hiyo alikuwa amemkaanga.

"Kwa hiyo anafanya kazi," mkaguzi alisema.

"Kazi gani? Si nimekwambia hakuna pesa?"

"Sharti linasema malipo ya pesa au ya kitu kingine chochote. Aliliwekea sahihi."

Vidole aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliwaza viti vya saluni vilivyo mikononi mwa watu wengine sasa. Aliwaza mwanamke wa wodini wa juzi, aliyemshika mkono akamwita daktari, na yeye akaona haya kumsahihisha. Mtihani mmoja tu ndio uliobaki kati yake na cheti.

"Mtanikata?" aliuliza.

"Mimi naandika nilichokiona. Kukata ni kazi ya kamati." Mkaguzi alifunga kalamu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Haya, mmalizie."

"Nimmalizie nini?"

"Kichwa. Atatokaje nje vile?"

Ulikuwa mtego? Vidole hakujua, na hakuwa na nguvu ya kupima. Ila kuna jambo moja ambalo msusi wa kweli halifanyi hata nyumba ikiungua, nalo ni kumwacha mtu na kichwa nusu. Siku aliyomzaa Kasuku, uchungu ulimkuta na kichwa cha bibi harusi mikononi. Alikimaliza kwanza, ndipo akatafuta gari.

Basi mkaguzi akahamia kwenye kiti cha mezani, mama wa buchani akarudi kigodani, na Vidole akasimama nyuma yake. Njia ya kwanza ilipinda, akaifumua. Kasuku alivuta rasta chini ya kabati bila kuagizwa, akazichambua, akawa anampa mama moja moja, kila moja kwa wakati wake. Mkaguzi aliona hayo pia.

"Njoo hapa, mwanangu," alimwambia mtoto, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Ukitoka kituoni unakwenda wapi?"

"Buchani."

"Unacheza na nani huko?"

"Peke yangu."

"Mlango huwa wazi?"

Yule mtoto aliyemlaza mwanasesere mwenye homa bila kupepesa, sasa alikwepa macho ya mkaguzi. Aliangalia rasta zilizo mkononi mwake. Akaangalia kisogo cha mama wa buchani.

Na Vidole alisikia jibu kabla halijasemwa. Alilisikia mikononi. Msusi huvijua vichwa vya watu, hujua mtu akisinzia, akikasirika, akitaka kulia. Chini ya vidole vyake ngozi ya kichwa cha mama wa buchani ilikaza, na shingo ikawa ngumu kama mti.

"Kasuku," Vidole alisema. "Mlango huwa wazi?"

"Mama wa buchani alisema nisiseme."

Mikono ikaacha. Vidole alizunguka kigoda, akasimama mbele ya rafiki yake amwone usoni.

"Shoga."

"Ngoja nikueleze."

"Unamfungia mwanangu?"

"Ngoja kwanza."

"Kwenye kulabu za nyama?"

"Hakuna kulabu, Vidole, usitie chumvi. Ni stoo ya nyuma, ya magunia na karatasi za kufungia. Ina taa. Namwekea mkeka, namwekea maji na mkate. Nakwenda kumchungulia kila nikipata nafasi."

Alikuwa anavitaja kimoja kimoja, kana kwamba vikiwa vingi vitalizidi kufuli uzito. Vidole hakuvisikia. Alikuwa anakumbuka vichwa vyote alivyomsuka mwanamke huyu, kila Jumapili aliyoacha vitabu mezani, mgongo unamuuma, akijiambia kwamba malezi mazuri hayapatikani bure. Kumbe alikuwa ananunua kufuli. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira ulikuja woga mbaya zaidi, ule wa kuwaza mtoto amelia mara ngapi mle ndani na asimsikie mtu.

"Toka nyumbani kwangu."

"Sitoki mpaka unisikie."

"Toka, kabla sijasahau kwamba wewe ni mkubwa kwangu."

"Nilimfungia kwa sababu kuna mwanamume," mama wa buchani alisema.

Hata Kasuku aliacha kuchezea rasta.

"Mwanamume gani?" aliuliza mkaguzi.

"Simjui. Alianza muhula huu. Siku ya kwanza alinunua nyama, akaniuliza kwa upole yule mtoto mzuri ni wa nani. Siku ya pili hakununua kitu. Akasema ni mwanawe, anataka kutoka naye kidogo amnunulie viatu. Kavaa vizuri, anaongea kwa adabu, ungempa hata ufunguo wa nyumba. Nikamwambia njoo na mama yake. Akacheka. Tangu hapo saa tisa ikigonga yuko ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la simu, anatazama tu. Mimi nina wateja. Mume wangu akishika kisu haoni kingine. Nifanyeje? Nikamweka stoo, nikafunga."

"Na hukuniambia," Vidole alisema polepole.

"Ningekwambia, ungeacha chuo."

"Nakujua," mama wa buchani aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Ungekuja kukaa kizingitini kwangu na mtoto mapajani mpaka mwaka uishe. Nikasema imebaki miezi tu, acha nibebe hili mwenyewe. Akimaliza nitamwambia, anipige akitaka."

"Ana kovu hapa?" Vidole alijigusa kidevu.

"Analo."

Basi hakuhitaji kuuliza zaidi. Baba yake Kasuku aliondoka mtoto akiwa bado anatambaa. Alisema anakwenda kutafuta kazi, na hakurudi wala hakupiga simu. Mfuko ulipouliza baba yuko wapi, Vidole alijibu kwamba hajulikani aliko, na alisema kweli.

Mnaomtetea mtu huyu kabla hamjamjua, nisikilizeni. Hakuwahi kumpiga Vidole. Yeye alikuwa na mchezo wake. Alikuwa anachukua kitu unachokipenda, anakificha, kisha anakaa kwa utulivu kabisa akikutazama unavyokitafuta. Mara ya kwanza ilikuwa pete. Mara ya mwisho ilikuwa Kasuku mwenyewe, mchanga wa miezi, na Vidole alimtafuta nyumba kwa nyumba kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kumbe kapelekwa kwa rafiki wa huyo bwana mtaa wa pili. Bwana alikuwa amekaa mezani anakula.

Mkaguzi alikuwa amekunja uso.

"Kovu kidevuni," alisema. "Shati jeupe limepigwa pasi? Anaanza kila sentensi na samahani?"

"Huyohuyo," akajibu mama wa buchani.

"Basi ndiye aliyetuletea taarifa ya stoo."

Vidole alimgeukia.

"Alikuja ofisini Ijumaa, akakaa na mimi," mkaguzi aliendelea. "Nami nilimwamini. Nilikuja hapa leo nikidhani nakuja kumtoa mtoto mikononi mwa mama asiyejali. Ngoja nimalize. Kuna zaidi ya taarifa. Amefungua shauri ustawi wa jamii, anataka apewe mtoto. Na ushahidi wake mkubwa ni sisi, Mfuko."

"Ninyi? Ninyi mnamjua wapi?"

"Hatumjui. Tunakujua wewe. Tumethibitisha kwa mihuri yetu kwamba unasoma kutwa, unatoka alfajiri, unarudi giza limeingia, na huna mtu mwingine nyumbani. Tuliandika hivyo ili upate posho. Yeye anasema hayo hayo, ila anayasoma kwa upande mwingine. Unajua aliniambiaje? Alisema, samahani mama, ninyi mnamlipa asiwe nyumbani."

Woga wa mwanzo, wa chanuo na kigoda, ulikuwa woga wa kawaida. Huu ulikuwa mwingine. Kila kitu kilichomwinua ndicho kilichokuwa kinamchimbia. Akisoma, ni mama aliyemtupa mtoto. Akiacha, ni mama asiye na kazi wala pa kulala. Kwa vyovyote vile, yule bwana angekaa pembeni akitazama.

"Shauri ni lini?" aliuliza.

"Ndiyo maana nimekuja Jumapili. Ni kesho, saa tatu asubuhi."

"Kesho saa tatu nina mtihani."

"Najua. Nadhani naye anajua."

"Mbona mimi sikuitwa?"

"Wito umepelekwa saluni kwako. Ndiyo anwani aliyowapa."

"Saluni niliifunga."

"Hilo pia nadhani analijua."

Mama wa buchani alisimama, rasta zinaning'inia. "Nitakwenda mimi. Wewe nenda ukafanye mtihani wako. Nitasimama mbele yao niwaambie."

"Utawaambia nini?" mkaguzi alimuuliza. "Kwamba ulimfungia kufuli?"

Mama wa buchani akakaa.

"Nisipofika kwenye shauri?" Vidole aliuliza.

"Anaweza kupewa mtoto kwa muda, hadi watakapokusikiliza. Na huo muda siwezi kukwambia ni kiasi gani."

Vidole hakuuliza akikosa mtihani itakuwaje. Jibu alilijua tangu mwaka wa kwanza. Mfuko haulipii kurudia.

Alikwenda dirishani, akashika nondo, akasimama pale huku mgongo umewaelekea. Walimwacha. Aliporudi alikuwa amepiga moyo konde.

"Mtihani upite," alisema. "Kesho nakwenda kwenye shauri. Niliwahi kuishi kwa kusuka, nitaishi tena. Mtoto simwachii mtu."

"Ukiacha chuo leo, kesho atasema huna kipato," mkaguzi alijibu. "Usiamue kwa hasira. Mimi naweza kwenda chuoni alfajiri kumwona mkuu. Siahidi kitu. Lakini kuna jambo moja linaweza kukusaidia kuliko mimi na mkuu wa chuo. Mtoto huyu anajieleza. Watamkalisha peke yake wamuulize anataka kukaa na nani, na neno lake lina uzito mkubwa."

Ilikuwa kama mtu kafungua mlango chumbani. Kwa mara ya kwanza alasiri ile Vidole alivuta pumzi hadi mwisho.

"Watamuuliza yeye?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi kaumia yule bwana." Vidole alicheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake. "Mtoto hamjui hata sura. Hajawahi kuongea naye. Ustawi watamuuliza, naye atawaambia mama. Kasuku, njoo. Yule mtu anayesimama ng'ambo ya bucha, wewe humjui, sivyo?"

Kasuku alikuwa amekaa sakafuni, anazungushia rasta kwenye kidole chake. Hakuinua kichwa.

"Ana sauti nzuri," alisema.

Mkaguzi alimtazama Vidole. Vidole alimtazama mama wa buchani. Mama wa buchani aliweka mkono mdomoni.

"Umeisikia wapi sauti yake?" Vidole aliuliza taratibu, maana aliogopa akipaza mtoto atanyamaza.

"Stoo. Kuna kidirisha nyuma, upande wa uchochoro. Mama wa buchani akifunga, yeye anazunguka anakuja pale. Ananisimulia hadithi mpaka saa ya wewe kurudi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hachoki."

Vidole alipiga magoti, akaishika mikono ya mwanawe. Ilikuwa na joto, ya kwake ilikuwa baridi.

"Na zaidi ya hadithi, anakwambia nini?"

"Anasema kesho kutakuwa na watu wataniuliza swali, nisiogope. Akaniuliza yeye kwanza, ili nizoee."

"Swali gani, mama?"

"Kama nataka kukaa na mtu anayesoma, au na mtu anayekuja kila siku."

Vidole hakutaka kuuliza linalofuata. Aliliuliza.

"Ukamjibu nini?"

Mtoto aliinua macho. Hakuwa anadanganya.

"Anayekuja kila siku," alisema.